Biki kwenye kikwembe: kosa dogo linalowatia washonaji hasara kabla ya sikukuu

Kila mwaka, siku chache kabla ya tarehe 8 mwezi wa tatu, baraza za washonaji mjini Butembo, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, hujaa vikwembe vilivyokunjwa na kufungwa kwa kamba, kila kimoja na kipande cha karatasi chenye jina na vipimo. Wanawake wa kanisa moja, wa ofisi moja au wa kikundi kimoja cha akiba hununua motifu moja ili waivae pamoja Siku ya Kimataifa ya Wanawake. Mashini za kushonea hulia hadi usiku. Pasi za makala hupepewa kwenye vizingiti vya milango, kwa sababu umeme haufiki kila mtaa.

Katika haraka hiyo, kosa moja hurudi kila msimu. Fundi anatafuta chaki, haioni. Anachukua kilicho karibu na mkono wake, yaani biki aliyoandikia vipimo, na kuchora moja kwa moja juu ya kitambaa. Nguo inashonwa, inapigwa pasi, na siku ya kuvaa mstari bado upo.

Mwaka fulani nguo hiyo ilikuwa yangu.

Mstari wa buluu kifuani

Tulikuwa wanawake tisa kazini, na tulichagua kikwembe chenye sehemu kubwa nyeupe na maua ya buluu. Mshonaji wangu, baba mmoja mwenye mashini tatu na wanafunzi wawili, ni mtu ambaye sijawahi kumlalamikia. Nilipoenda kuchukua robe tarehe 7 jioni, aliichelewesha mikononi mwake kabla ya kunipa. Kwenye kifua, pande zote mbili, palikuwa na mistari ya biki iliyopanda kutoka kiunoni. Ilikuwa alama za pensi, ile mikunjo inayoshonwa ili nguo ishike mwili. Mwanafunzi alichora pensi ndefu, fundi akazifupisha wakati wa kushona, na kipande cha mstari kilichobaki kikatokea nje.

Aliniita mama kwa sauti ya chini, akaniomba nimwachie aifue mara moja tu. Niliogopa kuikosa kabisa, nikaichukua hivyo hivyo. Kesho yake nilitembea nikiwa nimefunika kifua kwa kitambaa cha bega.

Fundi aliumia kuliko mimi. Alitaka kunilipa kikwembe, lakini motifu ile ilikuwa imekwisha sokoni. Hata kama ingekuwepo, mara nyingi kitambaa cha kikwembe kizuri kina bei kubwa kuliko malipo ya kukishona. Fundi anayelipa kitambaa kimoja anakuwa amefanya kazi ya nguo mbili au tatu bure. Mwanafunzi aliyechora mistari ile alikuwa binti aliyekimbia vita kijijini kwao, na ufundi huo ndio aliotegemea kumlisha mtoto wake. Kwa siku kadhaa hakujua kama ataambiwa arudi nyumbani.

Tangu hapo kila ninapopita kwenye atelie ya ushonaji natazama wanachorea nini. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwenye meza ya kukatia, methali hiyo haisaidii, kwa kuwa mshonaji asiyechagua kifaa chake cha kuchorea huja kulipa kitambaa cha mtu mwingine.

Kwa nini biki haitoki

Wino wa biki si kama wino wa kalamu ya maji. Ni rangi nzito iliyochanganywa na mafuta, iliyotengenezwa ili isifutike kwenye karatasi. Maji peke yake hayaiyeyushi. Ukipiga pasi juu yake, joto huizamisha zaidi ndani ya nyuzi. Wengi hukimbilia maji ya Javel, na hilo ni kosa la pili: dawa hiyo hula rangi ya kikwembe haraka kuliko inavyokula wino, kwa hiyo mteja anapata doa jeupe kando ya mstari wa buluu.

Kinachoyeyusha wino wa biki ni alkoli. Ile ya farmasi inafaa, na hata jeli ya mikono yenye alkoli, ambayo watu wa Butembo na Beni waliizoea sana wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, inaweza kusaidia. Lakini kuna utaratibu. Kwanza jaribu alkoli kwenye kipande kilichobaki, uone kama rangi ya kitambaa yenyewe haitoki. Kisha geuza nguo, weka kitambaa cheupe safi chini ya doa, na gusagusa kwa pamba iliyolowa alkoli, ukihamisha kitambaa cha chini kila kinapochafuka. Usisugue, maana kusugua kunapanua doa. Kazi hiyo ifanywe mbali na pasi ya makala na moto wowote, kwa kuwa alkoli inashika moto upesi. Baada ya hapo fua kwa sabuni na maji baridi, na usipige pasi mpaka uhakikishe mstari umekwisha.

Hata ukifuata hayo yote, mara nyingine kivuli cha wino hubaki. Ndiyo maana biki ina mahali pake pawili tu katika atelie: kwenye daftari la vipimo, na kwenye patroni ya karatasi.

Hata karatasi ya patroni inataka macho. Wengi hukata patroni kwenye mifuko ya simenti, na karatasi hiyo ni nzuri, ngumu na ya bei ndogo. Ila lazima ikung'utwe na kupanguswa vizuri, kwa kuwa unga wa simenti hushika kwenye kitambaa cheusi. Anayetumia gazeti la zamani ajue kwamba wino wa gazeti huhamia kwenye kitambaa cheupe, hasa mikono ikiwa na jasho.

Kitambaa kwanza, kifaa baadaye

Mwanafunzi wa ushonaji hufundishwa mapema kwamba alama inachorwa upande wa ndani wa kitambaa. Ni sheria nzuri, lakini kwa kikwembe cha wax halisi haimwokoi. Wax halisi hutiwa rangi pande zote mbili, na mara nyingi ni vigumu kutofautisha ndani na nje. Kwa kuwa kitambaa ni cha pamba na si kizito, alama nzito ya upande mmoja huweza kuonekana upande wa pili. Vikwembe vya bei ndogo, vinavyopigwa chapa upande mmoja tu, vina mgongo uliopauka, na hapo sheria ya zamani inafanya kazi vizuri zaidi.

Kikwembe kina ugumu mwingine: motifu zenyewe. Mstari mweupe wa chaki unapotea kati ya maua meupe, na wa buluu unapotea kati ya maua ya buluu. Fundi lazima atazame rangi iliyo nyingi mahali anapochora, si rangi ya kitambaa kizima. Na kama motifu ina ndege au maandishi, mshale mdogo kwenye kila kipande unaoonyesha upande wa juu utamzuia kushona ndege anayetazama chini. Kosa hilo halifuliki hata kwa alkoli.

Bazini ni kesi nyingine. Kitambaa hicho kinapendwa kwa sababu ya kung'aa na ugumu wake, na vyote viwili hupungua kinapoingia majini. Kwa hiyo kifaa chochote kinachofutika kwa maji hakifai kwa bazini mpya, hata kama kinasifiwa sokoni. Tone moja la maji linaweza kuacha duara lisilong'aa. Chaki kavu iliyochongwa, au kipande kikavu cha sabuni, upande wa ndani na kwa mkono mwepesi, vinatosha.

Dantela ina matundu. Chaki inaanguka ndani yake, kalamu inaruka. Hapo uzi ndio unaofanya kazi. Sateni na vitambaa laini vya poliesta vinaonyesha kila kitu: pini nene huacha tundu, chaki yenye nta huacha doa la mafuta, kalamu hupita upande wa pili. Uzi mwembamba na sindano nyembamba ndiyo njia salama, na pini ziingie ndani ya nafasi ya mshono tu. Mahameli ichorwe mgongoni, kwa kuwa ukikandamiza manyoya yake upande wa nje, alama ya mkono yenyewe inabaki.

Halafu kuna shati jeupe la mwanafunzi. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, mwezi wa tisa, washonaji wa nchi nzima hushona sare ya buluu na nyeupe. Kitambaa cheupe cha sare mara nyingi ni chepesi, na mstari wa penseli uliochorwa ndani ya kola au mfuko unaonekana nje kama mshipa chini ya ngozi. Penseli laini ya shule ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa unga wake mweusi huenea inapofuliwa. Kwa shati jeupe, njia bora ni kutotumia rangi kabisa, kama tutakavyoona hapa chini.

Sabuni na chaki

Kifaa kinachowafaa washonaji wengi wa kwetu hakinunuliwi. Ni kile kipande chembamba cha sabuni kinachobaki bafuni au kwenye beseni la kufulia, ambacho watoto hukitupa. Kikikauka vizuri, ukingo wake unachora mstari mwembamba unaoonekana sana kwenye kitambaa cheusi, cha buluu nzito, cha kijani au cha kahawia. Unatoka kwa kufuliwa, na mara nyingi hata mvuke wa pasi unaufifisha.

Si kila sabuni inafaa. Chagua nyeupe, isiyo na rangi, na isiyo na mafuta mengi. Sabuni ya kuogea iliyotiwa krimu kwa ajili ya ngozi huacha alama ya mafuta, na sabuni za mawese ambazo bado ni laini hufanya hivyo pia. Jaribio ni rahisi: ikwaruze juu ya karatasi nyeupe, iache kwenye joto kidogo, kisha itazame kwenye mwanga. Karatasi ikionyesha duara linalopitisha mwanga kama karatasi ya mandazi, sabuni hiyo irudi bafuni. Udhaifu mmoja wa sabuni ni kwamba kwenye kitambaa cheupe au cha rangi nyepesi haionekani. Hapo inahitajika chaki.

Chaki ya mshonaji, ambayo wengi wetu tunaiita kre, inauzwa kwa namna mbili, na muuzaji mara nyingi hazitofautishi. Moja ni ya udongo laini. Inaacha unga, inahitaji kuchongwa mara kwa mara, na inatoka kwa brashi. Nyingine ina nta. Inateleza vizuri na mstari wake haufutiki unapokishika kitambaa, lakini pasi ikipita juu yake nta inayeyuka na kuzama, na doa lake linafanana na la mafuta ya kupikia. Ile ya nta inafaa kwa kitambaa kizito cha sufi kama cha koti. Kwa kikwembe, shati na sateni, chukua ya udongo. Ili kuzitofautisha dukani, kwaruza kwa ukucha. Ya udongo inatoa unga mkavu, ya nta inatoa vipande vinavyonata kidogo.

Rangi ya chaki nayo ina sheria yake. Nyeupe ni salama kuliko zote. Chaki nyekundu na njano zina rangi inayoweza kubaki kwenye nyuzi, hasa zikilowa kabla ya kupanguswa. Kwa kitambaa cheupe, buluu iliyopauka sana, upande wa ndani, ndani ya nafasi ya mshono, ndiyo inayovumilika.

Na chaki ya shule? Wengi wanaitumia, hasa wanaoanza. Kwenye jinzi na vitambaa vizito haiharibu kitu. Tatizo lake ni unene. Inachora mstari mpana kama kidole cha mtoto, na hapo ndipo nguo inapoanza kukataa mwili.

Milimita mbili zinazokataa zipu kufungwa

Hebu tupige hesabu pamoja. Sketi ya vipande 6 ina kingo 12 za kushonwa. Kama mstari wa chaki ni mpana, na fundi anakata mara nje yake, mara ndani yake, kila ukingo unaweza kukosea kwa milimita 2 tu. Milimita 2 mara 12 ni milimita 24, karibu sentimita mbili na nusu. Sketi iliyopimwa vizuri, na mtu aliyesimama wima, inakataa kufungwa zipu, au inaanguka kiunoni. Mteja anasema fundi hajui kupima. Fundi anasema mteja amenenepa. Kumbe kosa ni la chaki.

Dawa yake ni kuchonga. Wembe wa zamani uliofungwa nusu kwa karatasi ngumu ili usikate vidole unachonga chaki na sabuni hadi ukingo uwe mwembamba kama ukucha. Na katika atelie yenye watu wawili au zaidi wakubaliane: wote wakate juu ya mstari, au wote wakate nje yake. Mmoja akichora na mwingine akikata bila makubaliano hayo, kosa lile la milimita 2 linazaliwa upya kila siku. Metre ya kushonea nayo ipimwe mara moja moja kwa rula ngumu, kwa kuwa zile za plastiki hurefuka zikizeeka.

Kalamu zinazofutika, na mtego wake

Katika bidhaa zinazoletwa kutoka Asia, kuna kalamu za washonaji zinazosifiwa kwamba zinajifuta zenyewe. Hazidanganyi, lakini kila moja ina sharti lake, na maelezo mara nyingi yameandikwa kwa lugha ambayo mnunuzi haisomi. Ziko za aina tatu.

Ya kwanza inaandika buluu na inatoka kwa maji. Sharti lake ni kwamba maji yatangulie pasi. Ukipiga pasi kabla ya kusuuza, joto linaweza kuifunga rangi hiyo isitoke tena, au kuigeuza kahawia. Na isisuuzwe kwa kulowesha ncha ya kidole. Maji machache yanausukuma wino pembeni, na kitambaa kikikauka unarudi. Inahitaji maji baridi mengi, bila sabuni kwanza. Kwa mshonaji anayepiga pasi kila mshono anapoendelea, na ndivyo mshonaji mzuri anavyofanya, kalamu hii inataka uangalifu mkubwa.

Ya pili inaandika zambarau na inapotea hewani baada ya saa chache au siku chache. Penye unyevu inapotea haraka zaidi, na mji wetu, ulio juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, una majira ya mvua yenye unyevu wa kutosha. Ukichora Ijumaa na kurudi Jumatatu, unaweza kukuta kitambaa kitupu. Inafaa kwa alama za dakika hiyo hiyo, kama mahali pa kifungo au mfuko. Pasi isipite juu yake pia.

Ya tatu ndiyo yenye hadithi. Ni kalamu za ofisini zinazofutika kwa joto. Inayojulikana zaidi ni FriXion ya kampuni ya Pilot ya Japani, na zipo nyingine nyingi zinazoiiga. Kwenye karatasi, joto la kusugua kwa mpira wake linafuta maandishi. Kwenye kitambaa, pasi inafanya hivyo mara moja: joto likifika kama digrii 60, mstari unapotea mbele ya macho yako. Washonaji wengi duniani wamezipenda kwa sababu hiyo.

Lakini rangi hiyo haijaondoka. Imegeuka tu isionekane. Kitambaa kikipata baridi kali, kama digrii 10 hadi 20 chini ya sifuri, mistari inarudi. Butembo haina baridi hiyo. Montréal inayo. Mtu anayemshonea robe dada yake aliyehamia Kanada, akaichora kwa kalamu hiyo na kuituma, ajue kwamba siku moja ya mwezi wa kwanza, dada huyo akisubiri basi nje, mistari ya pensi inaweza kumtokea kifuani kama ilivyonitokea mimi. Isitoshe, kwenye vitambaa vyeusi kalamu hizo huweza kuacha mstari mweupe uliofifia hata baada ya pasi. Kama lazima uitumie, chora ndani ya nafasi ya mshono, na ufue nguo kabla ya kuitoa.

Alama zisizo na rangi

Fundi niliyemweleza mwanzoni alijifunza ufundi wake kabla ya kalamu hizi kufika, na wakubwa wake walimwonyesha njia ambazo hazihitaji wino. Zinachukua dakika chache zaidi, ila hakuna mteja atakayeziona.

Njia nyepesi kuliko zote ni mkasi. Kata kidogo, milimita 3 au 4, ndani ya nafasi ya mshono yenye sentimita moja na nusu. Mkato huo unaonyesha mahali pensi inapoanza, katikati ya mbele, au mahali mkono unapokutana na bega. Usizidi hapo, na usifanye hivyo kwenye kitambaa kinachofumuka upesi.

Pasi nayo ni kalamu. Kunja kitambaa cha pamba mahali pa mstari, pitisha pasi, fungua: mkunjo unabaki, mnyoofu na mwembamba kuliko chaki yoyote. Kwa mfuko na kola ya shati jeupe la sare hakuna njia safi kuliko hiyo. Poliesta inataka pasi ya wastani, kwa kuwa mkunjo uliopigwa kwa moto mkali hautoki.

Kwa pensi, pitisha pini kwenye ncha yake kupitia patroni na vipande vyote viwili vya kitambaa, kisha weka mshono mmoja wa uzi mahali hapo. Kwa dantela, sateni na nguo za harusi, fuata mstari mzima kwa mshono mrefu wa mkono, uzi mmoja, bila fundo. Chagua uzi wa pamba wa rangi nyepesi inayotofautiana na kitambaa kidogo tu. Uzi mwekundu au mweusi kwenye kitambaa cheupe huacha vinyuzi vinavyoonekana baada ya kuutoa.

Kuna pia ruleti, gurudumu dogo lenye meno linalohamisha mistari ya patroni kwa msaada wa karatasi yenye rangi. Ni nzuri, mradi karatasi hiyo iwe ya washonaji. Karatasi ya kaboni ya ofisi, ile ya kunakilia hati, inatia alama isiyotoka, kama biki.

Jaribio la usiku mmoja

Maelezo yote haya yanaweza kusahaulika, isipokuwa jambo moja. Kabla ya kugusa kitambaa cha mteja kwa kifaa kipya, kata kipande cha pembeni, sentimita 10 kwa 10. Chora mistari kwa kila kifaa ulicho nacho, na uandike pembeni kwenye karatasi ipi ni ipi. Kiache kilale. Asubuhi kikate katikati: nusu ipigwe pasi, nusu isuuzwe kwa maji baridi na kukaushwa. Tazama pande zote mbili, kwenye mwanga wa jua. Kifaa kilichotoka kwenye nusu zote mbili ndicho cha kazi hiyo. Kilichotoka kwenye nusu moja tu kina sharti, na sasa unalijua.

Kikwembe cha yadi 6, sawa na mita 5 na nusu hivi, hakikosi kipande hicho. Kinachokosekana ni usiku mmoja, na hapo mteja naye ana sehemu yake. Anayeleta kitambaa tarehe 5 na kukitaka tarehe 7 anamnyima fundi usiku huo. Mteja anaweza pia kuuliza, bila ukali, nguo yake itachorwa kwa nini. Fundi mzuri hakasiriki akiulizwa hivyo. Na aliyepewa nguo yenye mstari asiipige pasi nyumbani kwa hasira. Airudishe ikiwa haijapigwa pasi, ili fundi apate nafasi ya kuisafisha.

Kwa binti au kijana anayemaliza mafunzo ya kukata na kushona na kutaka kuanza kwa fedha kidogo, orodha ni fupi: vipande vya sabuni nyeupe vilivyokauka, chaki mbili za udongo, moja nyeupe na moja ya buluu nyepesi, pini nyembamba, uzi wa pamba wa rangi nyepesi, na wembe wa kuchongea. Kalamu zinazofutika zinaweza kusubiri.

Mwaka huu nilirudi kwa fundi wangu na kikwembe kingine. Binti yule bado yupo, na sasa ndiye anayekata. Kwenye meza kuna kopo la maziwa lililojaa vipande vya sabuni, vikiwa vimechongwa. Biki ipo pia, imefungwa kwa uzi kwenye daftari la vipimo, na uzi wenyewe ni mfupi, haufiki kwenye meza ya kukatia.